Nani Alikwambia Wameipenda?

Nilikuwa nalipwa shilingi 250 kwa kila fomu. Hii ilikuwa miaka miwili iliyopita, mwezi wa tisa, wakati jua la Isiolo linafukuza hata mbuzi barabarani. Nilipewa tableti, fulana yenye nembo na maswali 12. Kazi ilikuwa kuwaonyesha wafanyabiashara wadogo programu mpya ya simu, ya kuweka hesabu na kukopa, kisha kuwauliza wanaionaje. Swali la 7 ndilo lililobeba uzito wote: kwa kipimo cha 1 hadi 5, programu hii ni rahisi kutumia kiasi gani? Nilizunguka soko, nikaingia Bulapesa, nikapanda hadi Kambi ya Juu. Siku nne, watu 40. Kati yao 34 waliipa 4 au 5. Ripoti ilipotoka, mstari wake wa kwanza ulisema watumiaji wa Isiolo wameipenda.

Sasa niwaambie kitu ambacho fomu haikuwa na kisanduku chake. Katika wale 40, waliofika skrini ya mwisho bila kidole changu kuingilia hawakuzidi tisa. "Hapa mzee, bonyeza hapa." "La, rudi nyuma kidogo." "Leta nikushikie." Kidole changu kilifanya kazi kubwa kuliko hiyo programu yenyewe, lakini hakuna swali lililouliza kuhusu kidole. Nami sikusema. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, na fomu iliyojaa vizuri ilikuwa inalipa sawa na fomu ya kweli.

Tangu hapo nimesoma ripoti nyingi za aina hiyo. Zinapatikana bure mtandaoni, na mtu aliyeacha chuo ana wakati. Nimefikia mahali pa kuzichukulia kama utanzu wa maandishi, kama vile riwaya au wasifu. Zina kanuni zake. Kuna picha ya mwanamke anayetabasamu akiwa ameshika simu, na nyuma yake kuna mifugo. Kuna mhusika wa kubuni, mfanyabiashara mwenye umri wa miaka 35, ana watoto watatu na "ndoto". Kuna nukuu moja tamu. Halafu kuna hitimisho ambalo lilijulikana kabla gari halijatoka Nairobi. Kama ni hadithi, ni hadithi isiyo na mgogoro. Kila mtu anataka kile ambacho mwandishi amekuja kuuza.

Kwenye majarida kama hili tumezoea kuhakiki riwaya, filamu na albamu. Sijaona mtu akihakiki menyu ya simu, na huenda hiyo ndiyo maandishi yanayosomwa zaidi Kenya kila siku. Mtu ambaye hajafungua kitabu tangu darasa la nane husoma menyu mara kumi kabla ya saa sita. Akikosea neno moja, pesa zinaenda. Basi leo nataka tuihakiki. Na hoja yangu ni kwamba usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, hii UX ambayo kila mtu mjini siku hizi ameiandika kwenye wasifu wake, unajiita sayansi lakini mara nyingi unaogopa jambo moja ambalo sayansi haiwezi kuishi bila hilo: swali linaloweza kujibiwa "hapana".

Kutuma mtu mbele

Nilifika mwaka wa pili tu kabla ya karo kunishinda. Kati ya yote niliyofundishwa, kilichobaki kichwani ni somo moja la takwimu kuhusu nadharia tete. Mhadhiri alisema, kabla hujakusanya chochote, andika unachodhani kitatokea. Kisha andika ni matokeo gani yangekulazimu ukubali kwamba umekosea. Kama huwezi kuandika hilo la pili, rudi nyumbani, huna utafiti.

Huku kwetu hilo halihitaji chuo. Wasomali wana neno *sahan*: watu hutumwa mbele kuchunguza malisho kabla familia haijahama. Mtu wa sahan haendi kuuliza wenyeji kama wanapenda nyasi zao. Anaangalia nyasi zenyewe, kisima kina maji kiasi gani, mifugo ya huko ina ugonjwa gani, na nani mwingine ameshafika na silaha. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba anaruhusiwa kurudi na kusema, "msije". Akirudi kila safari na habari njema, siku moja ng'ombe watakufa njiani, na hapo watu watajua kwamba walikuwa wanatuma mtu wa kuwafurahisha.

Mimi nilikuwa mtu wa sahan aliyelipwa kwa kila habari njema.

Waraka ninaoupenda

Sio kwamba mambo hayawezi kufanywa vizuri. Mfano bora ninaoujua umeandikwa hapa hapa Kenya, na ni waraka ambao ningetaka kila mtu wa UX ausome kabla ya kununua kompyuta yenye tofaa. Mwaka 2007, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walichapisha makala kwenye jarida la *Innovations* wakieleza jinsi M-Pesa ilivyoundwa. Ukisoma haraka utaona ni hadithi ya ushindi. Ukisoma polepole utaona ni hadithi ya watu waliokosea wazo lao la kwanza na wakakubali kuliandika kosa hilo.

Wazo la kwanza lilikuwa mikopo. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa, ilitoa fedha, Vodafone ikaongeza za kwake, na jaribio likaanza Oktoba 2005 pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Nadharia tete ilikuwa safi: wakopaji wanakutana kwenye vikundi, wanabeba noti, wanapoteza muda, wakiweza kulipa mkopo kwa simu, maisha yatakuwa rahisi. Walichagua Thika, Mathare na katikati ya Nairobi, maajenti wanane, na wateja wasiofika 500.

Halafu wakaangalia. Hawakuishia kuuliza, waliangalia pesa zinaenda wapi. Na watu walikuwa wanafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wafanyabiashara walikuwa wanalipana wao kwa wao. Wengine walikuwa wanaweka pesa jioni kwa ajenti na kuzitoa asubuhi, kwa sababu benki ilishafungwa na kulala na noti ni hatari. Wasafiri walikuwa wanaweka pesa mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wa safari, ili mfuko uwe mtupu njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuurusha kwa jamaa mashambani, kama njia ya kutuma pesa bila kutuma pesa. Upande wa mikopo wenyewe ulikuwa na shida: mfumo wa Faulu na mfumo wa simu havikuongea lugha moja, na hesabu zikawa za kufanywa kwa mkono.

Hapo ndipo penye somo. Mtu wa ripoti angeandika kwamba wateja 500 wamelipenda wazo la kulipa mikopo kwa simu. Wao waliliondoa wazo hilo mbele. Huduma ilipozinduliwa nchi nzima tarehe 6 Machi 2007, ahadi ilikuwa moja tu: tuma pesa nyumbani. Fungua menyu ya laini yako hata leo uone kilicho namba moja. Tuma Pesa. Kisha Toa Pesa. Mikopo iko chini huko. Mpangilio huo haukutoka kwa mchoraji mwenye kipaji; ni matokeo ya jaribio, yamebaki pale kama alama ya maji ukutani inayokuonyesha mafuriko yalifika wapi. Na madhara yake si madogo. Mwaka 2016, Tavneet Suri na William Jack walichapisha kwenye jarida la *Science* makadirio kwamba M-Pesa ilikuwa imesaidia kaya kama 194,000 kutoka kwenye umaskini uliokithiri.

Sisemi hivi kuisifu kampuni. Kampuni ina watu wa kuisifu na wanalipwa vizuri. Ninachosifu ni aya zile ambazo mwandishi anakubali kwamba watu walitumia kitu chake vibaya, kisha anagundua kwamba "vibaya" ndiyo ilikuwa matumizi yenyewe.

Watu watano wa wapi?

Ukikaa na watu wa UX dakika kumi, utasikia namba 5. Jaribu na watu watano, inatosha. Wanaisema kama aya ya msahafu. Ina asili yake. Mwaka 1993, Jakob Nielsen na Thomas Landauer walitoa hesabu inayoonyesha kwamba, kwa wastani wa miradi waliyoiangalia, mtumiaji mmoja hufichua kama asilimia 31 ya kasoro. Wa pili anarudia baadhi na kuongeza nyingine, vivyo hivyo hadi watano wanafika kwenye asilimia 85 hivi. Mwaka 2000 Nielsen aliiandika kwa lugha rahisi, na namba ikasafiri dunia nzima ikiwa imevua nguo zake.

Nguo ilizozivua ndizo muhimu. Kwanza, Nielsen mwenyewe alisema ukiwa na makundi ya watumiaji yanayotofautiana sana, kila kundi lipimwe kivyake. Sasa njoo usimame barabara kuu ya Isiolo Ijumaa baada ya swala. Kuna Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru na Msamburu. Kuna anayesoma Kiswahili lakini hakiongei nyumbani, anayekiongea lakini hakisomi, na anayetumia simu ya mwanawe kwa sababu yake ni kabambe. Ukichukua watu watano hapo, umepata mtu mmoja mmoja wa makundi matano, halafu unaenda kuandika "watumiaji wa Kaskazini".

Pili, hesabu ile ni ya kutafuta kasoro. Sio ya kupima mapenzi. Watu watano wanatosha kukuonyesha kwamba ndoo ina tundu. Hawatoshi kuapa kwamba haina. Ni tofauti ambayo mtoto anayeteka maji anaielewa, lakini nimesoma ripoti iliyojaribu watu watano, haikupata shida, na ikatangaza kwamba hakuna shida. Kukosa kuona nyoka kwenye kichaka si ushahidi kwamba hamna nyoka, hasa kama ulikiangalia kutoka ndani ya gari.

Ile tano

Katika wale 40 kulikuwa na mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia. Mimi humwita habo, kwa heshima, ingawa hatuna undugu wa damu. Maziwa yanamfikia asubuhi kutoka upande wa Kulamawe, anayanusa, anayaonja, mtungi wenye shaka anauweka kando. Mengine yanapakiwa kwenye basi kwenda Eastleigh. Mtu mwenye pua ile hafai kuitwa mshamba na mtu yeyote. Alinipa 5.

Miezi minne baadaye alikuja saiba ninakofanya kazi siku hizi, akiwa na simu ya mwanawe na uso umekunjamana. Alikuwa anadaiwa. Kwenye ile programu kulikuwa na ukurasa wa maelezo marefu, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Endelea". Yeye alijua endelea ni endelea: endelea kusoma, endelea mbele. Kumbe kitufe kilikuwa kinakubali mkopo. Shilingi 2,000 zilikuwa zimeingia, ada imekatwa, na hakuwa ameona kwa sababu pesa za maziwa zilikuwa zinaingia na kutoka hapo hapo. Sasa deni limezaa, na kuna mtu anampigia simu usiku.

Niliangalia ule ukurasa. Niliujua. Nilikuwa nimeubonyeza mara nyingi kwa kidole changu mwenyewe, kwa niaba ya watu.

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, "Lakini habo, si ulisema ni rahisi? Ulinipa tano."

Aliniangalia kama anayemwangalia mtoto asiyejua njaa ni nini. "Ile tano nilikupa wewe, mwanangu. Ulikuwa umesimama juani tangu asubuhi. Ningekupa mbili uende kwenu na nini?"

Nimefikiria sentensi hiyo kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. Watafiti wana jina la kitu hicho. Wanakiita upendeleo wa adabu, mtu kukujibu unachotaka kusikia. Lakini jina linakifanya kionekane kama kasoro ya anayejibu. Habo hakukosea. Swali lilimjia likiwa limebebwa na kijana mwenye jasho, na yeye alimjibu kijana. Chombo cha kupimia kilikuwa kinapima kitu kingine kabisa: kilipima huruma ya watu wa Isiolo, na huruma ilikuwa juu, 34 kati ya 40. Mtu akachukua namba hiyo akaiita urahisi wa programu.

Tulilipa lile deni kwa awamu, yeye na mimi. Sehemu yangu ilikuwa ndogo. Nasema tu ili usifikiri nilijifunza bure.

Sarafu, na saini

Kuna njia nyingine ya kuuliza, nayo pia imefanyiwa Kenya. Watafiti kadhaa, akiwemo Dan Ariely, walifanya jaribio na watu wa kipato cha chini Kibera kuhusu kuweka akiba. Wengine walikumbushwa kwa ujumbe wa simu tu. Wengine ujumbe uliandikwa kana kwamba umetoka kwa mtoto wao. Wengine waliongezewa pesa juu ya akiba yao. Na kundi moja lilipewa sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba 1 hadi 24, namba moja kwa kila wiki, wakaambiwa waikwaruze kila wiki kuonyesha kama wameweka akiba. Hakuna aliyeulizwa kama sarafu inapendeza kiasi gani. Waliangalia shilingi. Na wenye sarafu waliweka akiba kuliko hata wale walioongezewa pesa.

Huo ni usanifu, na huo ni utafiti. Kuna makundi ya kulinganisha, kuna kipimo ambacho adabu haiwezi kukiinua, na sarafu ingeweza kushindwa mbele ya watu wote.

Lakini usije ukaanza kuabudu. Ariely huyo huyo ni mmoja wa waandishi wa makala ya mwaka 2012 iliyodai kwamba ukimwekea mtu mahali pa saini juu ya fomu badala ya chini, anadanganya kidogo. Wazo tamu sana, na wabunifu wa fomu walilipenda. Mwaka 2020 waandishi wenyewe waliripoti kwamba walirudia na hawakupata kitu. Mwaka 2021 watafiti wengine walionyesha kwamba data za jaribio moja ndani yake zilikuwa za kubuni, na jarida likaifuta makala. Ariely alikana kwamba yeye ndiye aliyezibuni. Kwangu mimi, habari kubwa hapo ni kwamba kulikuwa na njia ya kukamatwa. Data ziliwekwa mahali mtu mwingine angeweza kuzikagua. Ripoti yangu ya Isiolo nani angeikagua? Fomu zilikuwa kwenye tableti, na tableti ilirudi Nairobi.

Pingamizi

Rafiki yangu mmoja, mchoraji, aliposoma rasimu ya makala haya aliniambia nimekuwa mtu wa namba, na kwamba sayansi hiyo hiyo ndiyo inayotufanya panya. Ana hoja. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba Facebook ilibadilisha kile ambacho watu 689,003 walikuwa wanaona kwenye kurasa zao, kwa wiki moja ya Januari 2012, kupima kama huzuni na furaha huambukizana. Hawakuulizwa kwanza. Lilikuwa jaribio lenye kundi la kulinganisha na kila kitu ambacho mhadhiri wangu angekisifu.

Na tuseme ukweli, hata kile kitufe cha kijani huenda kilijaribiwa. Sijui, lakini naweza kufikiria: matoleo mawili, moja limeandikwa "Kubali Mkopo", lingine "Endelea", na la pili likashinda kwa sababu watu wengi zaidi walibonyeza. Ukihesabu mibonyezo, habo ni ushindi. Ukihesabu watu wanaopokea simu za usiku, habo ni hasara. Jaribio halikuambii uhesabu nini. Hilo ni swali la dhamira, na dhamira haiko kwenye lahajedwali.

Kwa hiyo namkubalia rafiki yangu nusu. Sayansi haitoshi. Lakini dawa yake si kurudi kwenye picha ya mama anayetabasamu. Dhamira nzuri bila kipimo ndiyo iliyonipeleka mimi sokoni na tableti.

Mfano wa kuviweka pamoja ni Hakikisha ya M-Pesa. Miaka mingi ulikuwa unatuma pesa kwa namba, na ukikosea tarakimu moja unaanza kumbembeleza mtu usiyemjua huko Bungoma. Baadaye likaja jina: kabla pesa hazijaondoka, unaonyeshwa jina la anayepokea na kupewa sekunde chache za kusimamisha. Isome kama maandishi. Ni jina la mtu na nafasi ya kubadili nia, basi. Imejengwa juu ya dhana kwamba kidole cha binadamu hukosea, na kwamba kosa hilo si ujinga. Donald Norman aliandika tangu 1988 kwamba watu wanapokosea kutumia mlango, mara nyingi mwenye kosa ni mlango. Hakikisha ni mlango uliokubali kosa lake. Kile kitufe cha "Endelea" ni mlango uliojua watu watajikwaa na ukaweka duka pale wanapoanguka.

Daftari la saiba

Siku hizi najaza watu fomu za mtandaoni, shilingi 50 hadi 100. Huu mwaka nimeanza daftari. Kanuni ya kwanza: nakalia mikono. Mtu akikwama, naandika amekwama wapi kabla ya kumsaidia.

Kuna mfumo mmoja ambao watu walikuwa wanakwama mahali pale pale: unatumiwa tarakimu sita kwa ujumbe wa simu, uziandike kwenye ukurasa. Wazee wengi walishindwa. Nadharia yangu, na ya bosi wangu, ilikuwa kwamba hawajui kusoma tarakimu haraka. Niliiandika kwenye daftari. Kisha nikaandika nadharia nyingine: labda wanasoma vizuri, lakini wakitoka kwenye ukurasa kwenda kusoma ujumbe, wakirudi ukurasa umejifuta.

Nikawaomba ruhusa wateja 24, nikawaeleza ninachojaribu, na kwamba mwisho wa yote nitawasaidia hata iweje. Kwa kila mmoja nilirusha sarafu. Upande mmoja, anafanya kama kawaida kwenye simu yake. Upande mwingine, laini yake naiweka kwenye kabambe yangu kando, ujumbe unaingia hapo, simu yake inabaki kwenye ukurasa. Wale wa kawaida walikuwa 12, wakafaulu wanne. Wale wa kabambe walikuwa 12, wakafaulu 11. Wazee wale wale, macho yale yale, tarakimu sita zile zile. Mzee mmoja alizisoma kwa sauti kama anaita majina ya ngamia wake.

Nadharia yangu ya kwanza ilikuwa tusi. Nilikuwa nimewaita watu wajinga kwa miezi, kimoyomoyo, kwa sababu ya ukurasa usioweza kukumbuka kitu kwa sekunde 30.

Watu 24 ni wachache. Ni saiba moja, mtaa mmoja, na mimi nilikuwa nimekaa hapo kando, jambo ambalo pia hubadilisha mtu. Nimeyaandika hayo yote kwenye ukurasa huo huo wa daftari, na mtu yeyote anayetaka kurudia jaribio Garissa au Lodwar anahitaji kabambe moja na sarafu ya shilingi 10. Nikikosea, ataniambia.

Ombi langu kwa wanaoandika zile ripoti ni dogo. Ongezeni ukurasa mmoja, baada ya ile picha. Andikeni mlidhani nini kabla hamjafika, ni nini kingewafanya mbadili mawazo, na je, kilitokea. Andikeni pia nani alishika simu, na kidole kilikuwa cha nani. Kama ukurasa huo hauna cha kusema, tutajua mlikuja kutalii.

Wiki iliyopita habo alikuja tena. Sasa ana simu yake mwenyewe, na alitaka kufungua kitu fulani cha kupokea malipo ya maziwa. Nikamwambia afanye mwenyewe, mimi nitakaa tu. Alikwama kwenye ukurasa wa tatu, akaniangalia, nikakalia mikono.

"Hunisaidii leo?"

"Naandika kwanza, habo. Umefikiri hicho kitufe kinafanya nini?"

Akakodolea skrini muda mrefu. "Sijui," akasema. "Na hii safari sikupi tano."

Nikaandika hivyo hivyo, na saa.